Kasper na Kisanduku cha Joto

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla jua la Arizona halijakasirika, Joleen Pruitt alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumjazia maji Kasper, mbwa wa polisi aliyelala nyumbani kwao na kwenda kazini na baba yake, Sajenti Wade Pruitt. Ya pili ilikuwa kukijaribu kisanduku cha joto kilichofungwa ndani ya gari la doria. Joto likizidi kule nyuma alikokaa mbwa, kisanduku kilipiga honi, kikashusha madirisha, na kifaa kidogo kiunoni mwa baba kikatetemeka. Ili kukijaribu ulibonyeza kitufe, na honi ikalia mtaa mzima.

Honi hiyo ndiyo iliyomtia Joleen aibu. Jirani yao, Bi Gentry, alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na alfajiri ndipo alipopanda kitandani.

"Joleen, mama," alikuwa amemwambia jana yake kwenye uzio, "honi yenu ikiniamsha tena, nahamia kwenu na mto wangu. Na kahawa mtanipikia."

Alisema huku akicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Joleen alimhurumia kwelikweli. Basi asubuhi hiyo hakubonyeza kitufe. Alipapasa nyuma ya kisanduku akitafuta namna ya kupunguza sauti, akagusa swichi, na taa ya kijani ikazimika. Kabla hajairudisha, baba alitokea na Kasper.

"Umekijaribu? Mbona sikusikia?"

"Kimelia, baba. Ulikuwa bafuni."

Uongo ulitoka mwepesi kabisa. Baba aliwasha gari, wakaondoka.

Siku hiyo Sajenti Pruitt aliitwa kutoa ushahidi mahakamani. Alimshusha Joleen kwenye bwawa la kuogelea la mji, jirani na mahakama, kisha akaegesha. Kama wafanyavyo polisi wote wenye mbwa, alifunga milango na kuiacha injini ikinguruma ili kiyoyozi kimpoze Kasper. Watu wa mji ule wamezoea. Gari la mbwa likinguruma peke yake, hakuna anayegeuka kulitazama.

Joleen aliingia majini na rafiki yake Ximena, lakini hakuogelea. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye gari, ng'ambo ya uzio.

"Una nini wewe? Unaogopa maji leo?" Ximena alimtania.

Joleen alimsimulia kwa sauti ya chini.

"Sasa shoga, injini si inanguruma? Kiyoyozi si kipo? Tulia. Jioni utakiwasha kimyakimya, nani atajua?"

Ushauri ulikuwa mtamu, na Joleen alitamani sana kuufuata. Alijaribu kutulia. Mwishowe alitoka majini, akavaa ndara na kwenda kuchungulia.

Injini ilikuwa ikinguruma vizuri tu. Lakini alipobandika uso kwenye kioo cheusi, alimwona Kasper amelala sakafuni, ulimi nje, mbavu zikienda mbio. Kioo kilikuwa cha moto. Kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, kinapuliza hewa ya joto. Alivuta milango, haikufunguka. Akakimbia mahakamani.

Mlangoni alikuwapo mlinzi mmoja, Bwana Tate.

"Binti, hapa mahakamani, si ufukweni. Unanilowanishia sakafu."

"Namtaka baba yangu. Kasper anaungua garini."

"Baba yako yuko kizimbani anatoa ushahidi. Na gari lake lina kisanduku. Kungekuwa na shida, tungesikia honi."

"Honi haiwezi kulia."

"Kwa nini isilie?"

Joleen angeweza kusema kisanduku kimeharibika tu. Lakini mzee huyu angebishana, na kule nje Kasper hakuwa na muda wa mabishano.

"Nilikizima mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nikamdanganya baba kwamba kimelia. Tafadhali mwite."

Bwana Tate alimtazama, kisha akasukuma mlango wa chumba cha kesi bila kubisha. Mara Sajenti Pruitt akatoka mbio, funguo mkononi.

Walimbeba Kasper hadi kivulini. Bwana Tate alivuta mpira wa bustani, baba akammwagia maji tumboni na miguuni. Mtu mmoja alileta ndoo ya barafu.

"Barafu hapana," alisema baba. "Maji ya bomba yanatosha."

Kisha wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Jioni daktari alitoka na kusema mbwa atapona, ila wangechelewa kidogo tu asingepona. Joleen alikaa kwenye benchi akingoja kugombezwa. Alimsikia baba akimpigia simu mkuu wake.

"Kosa ni langu, mkuu. Kisanduku kile ni kazi yangu kukikagua, na sikukikagua. Ndiyo. Nitaandika hivyo hivyo."

Alipokata simu, Joleen alisema, "Lakini baba, aliyekizima ni mimi."

"Najua. Tate ameniambia. Ameniambia pia kwamba ungeweza kuficha ukweli, na hukuficha." Baba aliketi kando yake. "Kumhurumia Bi Gentry si kosa. Ungeniambia, tungejaribu honi mbali na nyumba. Na ukweli wako ndio uliomtoa Kasper garini, hilo sitalisahau."

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Tena sana. Sikiliza, mwanangu. Kasper hawezi kuniambia kwamba anasikia joto. Hana mdomo wa kusema. Asubuhi ninapokuuliza, ninamuuliza yeye kupitia kwako. Ukinidanganya, ni yeye unayemnyamazisha."

Joleen aliinamisha kichwa, akalia, na baba hakumzuia.