Nyayo za Nyumba Namba Saba

Watalii wakifika kwetu huwa wameshachoka na uzuri. Asubuhi wameburutwa ngomeni, wakapitishwa kwenye kanisa lenye kaburi la mtakatifu, wakavuliwa viatu hekaluni Mylapore, na saa sita wanateremshwa kwenye makumbusho yetu, barabara ya pwani, kusini mwa Chennai, wakiwa na swali moja: choo kiko wapi? Mimi ndiye mkata tiketi. Miaka kumi na tisa nimelijibu swali hilo. La urithi hajaniuliza mtu.

Makumbusho yetu ni ya nyumba. Nyumba za kale hung'olewa vijijini, kila nguzo ikapigwa namba, zikapakiwa malori na kusimamishwa upya kwetu. Namba Saba ilikuja na vipande elfu moja mia moja na nne, vyote kwa risiti. Kama kulikuwa na kitu kisichopigwa namba, hakuna aliyeuliza.

Mfagiaji wa Namba Saba alikuwa dada Pushpavalli, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kila asubuhi alinyunyiza maji kizingitini akachora kolam, yale maua ya unga wa mchele ambayo wanawake wetu huchora mlangoni kabla jua halijakolea. Miaka minne hapakuwa na neno.

Kisha Naibu Mkurugenzi, Bwana Thiyagesan, akatoa waraka. Alikuwa ameona picha za sikukuu ya kuzaliwa Krishna: nyayo ndogo za unga kutoka mlangoni hadi chumba cha sala, kumkaribisha mungu akiwa mtoto mchanga. Ni jambo la siku moja kwa mwaka. Mtoto akishaingia, huwekewa siagi na vitamutamu, na kesho yake nyayo hufutwa. Waraka uliagiza zichorwe "kila siku ya kazi, kabla ya saa tatu, kwa manufaa ya wageni."

Pushpavalli alikuja dirishani kwangu na karatasi.

"Kaka Guna, na siagi je?"

"Siagi gani tena?"

"Unamwita mtoto kila siku ya Mungu. Akija umpe nini? Tiketi?"

Niliandika barua. Baada ya wiki tatu jibu likaja, nakala nne: siagi haina fungu.

Kukataa asingeweza. Mkataba wake ulikuwa wa miezi kumi na moja, wa kuombewa upya kila mara, na nyumbani alikuwa na Kayalvizhi, binti yake wa pekee, aliyerudi kwa mama kujifungua mimba ya kwanza, mikono imejaa bangili za baraka. Basi akachora. Unachovya ubavu wa ngumi kwenye uji wa mchele, unagonga sakafuni, vidole unaviweka kwa ncha ya chanda. Jozi tisa. Zote za kuingia.

Kiasi cha siku ya arobaini, saa saba mchana, alirudi dirishani.

"Njoo unihesabie."

Nilihesabu. Kumi.

Ya kumi ilielekea nje. Zake zilikuwa zimekauka tangu asubuhi. Hiyo ilikuwa mbichi. Ngumi haiachi mistari ya ngozi. Hiyo ilikuwa nayo.

"Mtoto wa mtalii," nikasema.

"Leo umekata tiketi ya mtoto?"

Sikuwa nimekata hata moja.

Kesho yake zikawa kumi na moja. Keshokutwa yake zilivuka kizingiti. Niliripoti, maana ndiyo kazi iliyobaki kwa mtu wa cheo changu. Jibu: nyayo za ziada hazikuidhinishwa, mhusika aeleze unga ameutoa wapi.

Wiki hiyo alikuja mzee mmoja, mjukuu wa wenye nyumba, kuiona mara ya mwisho. Alilipa kiingilio cha nyumba ya babu yake bila kunung'unika. Mlangoni akaziona nyayo, akasimama.

"Nani kachora hizi?"

"Ni za kupigia picha, mzee."

"Kwetu hazikuchorwa kamwe. Sikukuu ikifika tulifunga mlango."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyekuwa anakuja siye huyo mungu."

Akaondoka. Hakuuliza hata choo.

Jumapili, adhuhuri, Pushpavalli aliniita ukutani. Kwa kunong'ona. Niliingia kwake bila kuuliza.

Kayalvizhi alikuwa amelala mkekani. Kutoka mlangoni hadi mkekani zilikuwa nyayo. Ndogo. Nyeupe. Mbili za mwisho zilisimama sambamba kando ya tumbo lake. Na juu ya sari, penye uvimbe, palikuwa na kiganja cha unga, kidogo kama jani la mkwaju.

Kayalvizhi akajigeuza usingizini.

"Mama, mpe siagi huyu mtoto. Ananisumbua. Anataka kuingia."

Pushpavalli hakulia. Alichukua kitambaa kibichi akafuta, taratibu, kama anayefuta kazi ya kila siku.

"Ana njaa, kaka. Siku hamsini tunamwita na hatumlishi. Mtu mzima angeshatupiga."

"Acha kazi, dada."

"Nikiacha, nani atabaki naye kule? Wewe?"

Nilirudi nyumbani kwangu. Hilo nalo nalibeba.

Jumatatu alikuja na bonge la siagi kwenye jani la mgomba. Kwetu mtu haagi kwa kusema "nakwenda"; ni nuksi. Husema "naenda, narudi," hata kama anaenda dukani tu. Alipita dirishani kwangu bila kusimama.

"Nakwenda, kaka."

Saa saba nilisikia mtoto akicheka. Kisha sauti ya Pushpavalli, akibembeleza.

Saa kumi na moja nikaenda kufunga. Ndala zake zilikuwa mlangoni. Jani la mgomba lilikuwa limelambwa likang'aa. Ndani hapakuwa na mtu.

Polisi walikuja, wakadai orodha ya mali, wakahesabu. Vipande vyote elfu moja mia moja na nne vilikuwepo. Wakatia sahihi, wakaenda zao.

Kayalvizhi alijifungua salama, msichana mwenye mapafu ya kondakta. Nyayo hazikurudi mlangoni kwao. Miaka miwili sasa. Nafasi ya Pushpavalli haijajazwa, ila nyayo za Namba Saba huwa zimeshachorwa kila asubuhi, na Bwana Thiyagesan ameniandikia barua ya pongezi kwa kujitolea. Sichori mimi. Mimi hupeleka siagi tu.

Mwezi huu Kayalvizhi ameanza kuniuliza lini amlete mtoto aone alipofanyia kazi bibi yake. Nimempa karatasi yenye mhuri: Namba Saba imefungwa kwa matengenezo. Ni mara ya kwanza katika utumishi wangu mhuri kufanya kazi ya maana.

Leo asubuhi nilifungua mlango. Safari hii palikuwa na nyayo za mtu mzima pia, za mwanamke. Kidole cha pili kimeacha alama ya pete ya mguuni, ile ambayo wake za watu kwetu huvaa, kama ya Pushpavalli. Zilikuwa kizingitini, zimeelekea ndani. Vidole vimekandamizwa mpaka unga ukajikusanya pembeni, kama vya mtu anayezuia mlango kwa mgongo.

Mbele yake, zikitazamana naye, zilikuwa za mtoto. Nilizipima kwa rula ya ofisi.

Zimekua: zimepungukiwa nusu inchi tu kuufikia urefu wa zake.