Mama Pacha Ndiye Aliyebeba Majibu Yangu

"Kwenye jalada hili hakuna hata karatasi moja kutoka kwako."

Mwenyekiti wa shauri alisema hivyo bila kuniangalia, huku akiendelea kufunua kurasa.

Jamani, nyie mnaosoma hapa, majibu yangu niliyaandika. Cheti cha upasuaji kilikuwemo. Barua ya daktari ilikuwemo. Ruhusa ya likizo yenye sahihi ya mkuu wangu ilikuwemo...

Na aliyebeba bahasha alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Upande wa mwajiri! Macho chini.

Mama Pacha. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni muuguzi. Mwaka jana nilipasuliwa tumbo, nikawa nyumbani miezi kadhaa. Mshahara uliendelea kuingia, maana likizo ilikuwa ya ugonjwa. Kurudi kazini tu, naitwa ofisini. Eti sikuwa na ruhusa. Eti mshahara wote ule ni deni, nitakatwa mpaka liishe.

Na makato yakaanza mwezi uleule, wakati nina watoto wa shule na mama mzazi anayenitegemea.

Nikapinga. Nikapangiwa siku ya kusikilizwa, nikapewa na masharti: majibu na vielelezo vifike kwa karani wa mashauri kabla ya siku ya mwisho, na nakala apewe mwajiri. Usipowasilisha, hayasomwi.

Mama Pacha yuko kitengo cha mishahara. Siku ya mwisho alinikuta wodini, zamu imenibana, pa kutokea sina.

"Lete nikupelekee, mwaya. Kwa karani si napita kila siku?"

"Ni bahasha mbili. Ya karani na ya mwajiri."

"Kwani mimi mgeni hapa?"

Jioni nikampigia. "Tayari," akanijibu. Nikalala fofofo.

Haya, turudi kwenye kile chumba.

"Mheshimiwa, niliwasilisha," nikasema.

"Una nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa?"

"Sina. Nilimpa mtu anipelekee."

"Nani?"

"Huyo hapo."

Wote wakamgeukia Mama Pacha.

"Sijapewa kitu mimi," akasema. Polepole, wala hakutetereka.

Nyie... Pacha wake wale, mtu wa kwanza kuwapakata ni mimi. Kwa mikono hii.

Nikajikaza. Nikamwambia mwenyekiti nakala zangu ninazo kwenye mkoba, namwomba azipokee hata kama nimechelewa. Akasema masharti yanamruhusu, kukiwa na sababu ya msingi. Ila lazima kwanza asikie upande wa pili.

Mwanasheria wa mwajiri akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Tunapinga, Mheshimiwa. Muda umepita. Na hata zikipokelewa hazitamsaidia. Hiyo barua ya daktari haisemi hata siku ya kurudi kazini."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Barua ipi?"

"Ya daktari, Mheshimiwa."

"Mimi sijaiona. Iko kwenye mkoba wa huyu mama, na mkoba haujafunguliwa. Wewe umeisomea wapi?"

Mwanasheria akamtazama Mama Pacha.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kulia.

Alisema yote. Bahasha zote mbili alimpelekea mkuu wa kitengo chake, na huyo ndiye aliyempa mwanasheria. Kumbe ruhusa yangu ya likizo ilipita mezani kwa Mama Pacha mwenyewe, akasahau kuiingiza kwenye mfumo. Deni lote lile lilizaliwa na kosa lake! Na mkuu wake alishamwambia: ama huyo muuguzi alipe, ama wewe utafute kazi nyingine.

Vielelezo vyangu vikapokelewa, shauri likasikilizwa. Uamuzi: sidaiwi kitu, na nilichokatwa nirudishiwe.

Mnadhani imeisha?

Siku chache baadaye mlango unagongwa. Nafungua... Mama Pacha. Yeye na mkuu wake wametakiwa kujieleza kwa maandishi.

"Nisaidie kuandika," akasema. "Sina mtu mwingine wa kumwendea."

Nilitamani kuufunga ule mlango. Nikasimama pale nimeshika kitasa, yeye analia, mimi sijui nicheke au na mimi nilie.

Nikamwambia, "Ingia. Lakini utaandika ukweli wote, na vitisho vya mkuu wako uviweke."

Akaandika. Tulipomaliza, akaondoka. Urafiki haujarudi, sitawadanganya. Tukikutana koridoni tunasalimiana, basi.

Ninachowaambia ni hiki: karatasi iliyobeba riziki yako ipeleke mwenyewe, igongwe muhuri ukiona, urudi na nakala yako mkononi. Sisemi hivyo kwa sababu watu ni wabaya. Mama Pacha si mbaya, na najua alinipenda kweli.

Aliogopa tu. Na mtu akishaogopa, anaweza kukuuza huku bado anakupenda.