Sura ya Mzee Leodegari

Ijumaa ile nyumba ya Kasiana, pale Mjimwema, ilikuwa na pilikapilika. Kesho yake padre angebariki msalaba wa kaburi la baba mkwe wake, mzee Leodegari. Kasiana ana duka la kuchapisha picha. Alikuwa amechapa sura ya mzee kwenye fulana nyeupe za ukoo, tena za pamba tupu. Mzee hakupenda vya ovyo.

Mama mkwe wake, Mama Kunegunda, havai nguo mpya isiyofuliwa. Akazitia kwenye beseni.

"Mkamwana! Njoo uone!"

Maji yalikuwa machafu. Mzee alibaki kivuli, hana macho, hana mdomo.

"Leodegari ametukataa," mama akasema. "Kesho siendi makaburini."

Bila mjane, nani angeshika msalaba? Kasiana akachukua fulana moja, akakimbilia kwa jirani yake Theodosia, mchapaji wa fulana za michezo.

Theodosia akatazama, akacheka.

"Dada, marehemu hana kosa! Wino huu ukipigwa joto hugeuka mvuke, ukaingia ndani ya uzi wa poliesta. Kwenye pamba unakaa juujuu, kama mgeni asiyepewa kiti. Maji yakija, anaaga."

"Lakini niliambiwa ni wino wa fulana!"

"Za poliesta. Tuzipime zako na zangu kwa moto, uone tofauti."

Kasiana akachomoa uzi wa mshono, akashika kiberiti.

"Acha! Uzi huo utakudanganya. Fulana ya pamba mara nyingi hushonwa kwa uzi wa poliesta. Kata kitambaa chenyewe, ndani ya pindo. Kishike kwa koleo, na maji yawe karibu."

Pamba iliwaka, ikanuka kama karatasi, ikabaki jivu laini. Kisha wakachoma kipande cha fulana za Theodosia. Kiliyeyuka, kikaganda tone gumu.

"Hiyo ndiyo poliesta," Theodosia akasema.

Wakachapa upya kwenye fulana zake. Jioni Kasiana akampelekea mama moja.

"Fua, Mama."

Mama Kunegunda akasugua kwa sabuni ya mche kama anayemkomoa mtu. Povu likabaki jeupe. Mzee naye akabaki anatazama, macho yote mawili.

Mama akaikamua taratibu, akampa.

"Ianike upesi. Siwezi kwenda makaburini na mume mbichi."