Panya wa Bandani na Bunduki ya Upepo

Kila mwaka mwezi wa pili, banda la Teone na mkewe Huhana pale Bluff, mji wa bandari, hujaa mpaka mlango ufungwe kwa bega. Ndoo, sufuria, blanketi, magunia ya unga na ya chumvi. Vyote hivyo huvuka maji kwenda kisiwa cha ukoo, ambako familia huvuna, kwa nyama na mafuta, vifaranga vya titi, wale ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo ardhini.

Asubuhi ile Huhana aliingia bandani na kikombe cha chai, akitafuta kisu cha mama yake, Bibi Riria. Akasogeza gunia la unga. Pembe yake moja ilikuwa imetobolewa. Chini yake palikuwa na mavi ya panya, meusi, mabichi. Chai ikammwagikia mkononi, wala hakusikia moto wake.

"Teone," aliita. "Njoo uone."

Teone alikuja akitafuna mkate. Ni mtu mnene, mcheshi, asiyependa kusumbuka asubuhi.

"Panya tu huyo, mama. Kwani leo ndiyo mara ya kwanza kuona panya?"

"Siyo panya tu. Hili gunia linakwenda kisiwani."

Teone akaacha kutafuna. Hakuna mtu wa ukoo ule asiyejua maana yake. Kisiwani hakuna panya hata mmoja. Kifaranga cha titi hukaa shimoni peke yake, mnene, hajui kuruka, akimngoja mama yake arudi na chakula. Panya mmoja mwenye mimba akishuka na gunia la unga, basi. Miaka michache tu mashimo yatakuwa matupu, na hakuna wa kuwarudisha ndege wale. Huhana alijiona akiwa ndiye aliyembeba panya huyo kwa mikono yake mwenyewe.

Safari ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Waliweka mitego sita, wakaipaka siagi ya karanga. Panya wawili walinasa. Wa tatu alikuwa mjanja. Alikuwa na sikio moja lililochanika, na mitego aliipita kando kama vile ameshaambiwa. Siku moja, mchana kweupe, Huhana alimkuta juu ya boriti, ametulia, anamtazama. Usiombe kutazamwa hivyo.

"Tuweke sumu," Teone alisema.

"Hapana," alisema Bibi Riria. Alikuwa amekaa jikoni akinoa kisu chake. "Panya wa sumu anakwenda kufia usipopaona. Au hafi. Anaumwaumwa, anajificha kwenye blanketi, anasafiri na sisi. Mimi nataka nimwone amelala hapa, amekufa. Na huyo mbwa wenu naye hachagui cha kula."

"Asipopatikana, hatuendi," Huhana alisema.

Bibi Riria ana miaka themanini na mmoja. Kila mwaka husema kwamba safari hii ni yake ya mwisho. Mwaka huu hakusema, na ndiyo maana wote walijua kuwa sasa ni kweli.

Siku ya pili yake Teone alirudi kutoka mjini na bunduki ya upepo, ile inayokwenda kwa springi. Ilikuwa ndefu, nzito.

"Yenye nguvu kuliko zote dukani," alijisifu. "Hii hata ng'ombe anaomba radhi."

"Itoe ndani ya nyumba yangu," Huhana alisema.

Yeye na bunduki hawakuwa marafiki. Alipokuwa na miaka saba, mjomba wake alisafisha bunduki mezani, akasema haina kitu. Risasi iliingia ukutani, kiganja kimoja juu ya kichwa cha Huhana. Miaka arobaini na kitu imepita, na bado akisikia mlango umepigwa kwa nguvu huinamisha kichwa.

"Ni ya upepo tu, mke wangu. Hata baruti haina."

Ili kuikoki, ilimbidi Teone aishike kwa mikono miwili na kuikandamiza kwenye paja. Alipoukunja mtutu, ililia kwii.

"Chuma kipya kinataka mafuta," akasema.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Kwenye nyumba ile, mafuta ya titi ni dawa ya kila kitu. Wanapaka buti, wanapaka bawaba, wanachua kifua chenye kikohozi, na yanayobaki wanakaangia viazi. Teone akachukua mkebe. Akaipaka bunduki kwa nje. Kisha akayachuruzisha ndani ya kile kitundu kinachotoa hewa, nyuma ya mtutu. Alijaza kweli, maana mkono wake si wa uchoyo.

Bandani aliegemeza ubao kwenye ukuta wa zege, akalenga. Bibi Riria alikuwa amekaa pembeni juu ya kreti akipanga ndoo. Huhana alikuwa mlangoni, ameziba masikio.

Bunduki haikulia kama bunduki ya upepo. Ililipuka. Moshi ulitoka mdomoni mwake, na banda zima likanuka ndege wa kukaanga. Risasi ilikosa ubao, ikagonga zege, ikarudi, ikatoboa mkebe wa rangi uliokuwa karibu na shavu la Bibi Riria.

Rangi ya buluu ilianza kutiririka. Bibi aliitazama, akajigusa shavu, akatazama kidole chake.

"Niko mzima," alisema taratibu.

Huhana aliiona rangi ikishuka, naye akaona damu.

Kabla moshi haujaisha, jirani yao alikuwa ameshafika. Isla Muir ni mama wa Kiskoti, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye ghala la nafaka bandarini, na kazi yake ilikuwa panya.

"Nimesikia baruti," alisema. "Nani ana baruti humu?"

Alinusa mdomo wa bunduki. Akamtazama Teone, akanusa tena.

"Teone. Umepika nini humu ndani?"

"Mafuta kidogo tu, dada Isla."

"Kidogo. Sikiliza, ndugu yangu. Ndani ya hii kuna springi. Springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, na hewa ikibanwa ghafla inapata moto. Ukiweka mafuta mle yanawaka, kama kwenye injini ya dizeli. Risasi inakwenda inakotaka, springi inakatika. Ndani hamtiwi kitu. Umesikia? Mafuta ya kula, mafuta ya cherehani, hata ya kupaka mwilini. Hamtiwi kitu."

Alijaribu kuikoki. Ndani kitu kilikwaruza. Springi ilikuwa imekatika kweli.

"Basi nitanunua nyingine kama hii," Teone alisema kwa unyonge.

"Ya nini? Hii ni ngumu kukoki, na inaruka ikipigwa. Mwenye kuanza hawezi kulenga nayo. Panya hataki nguvu, anataka risasi moja mahali pake. Na atakayepiga ni nani?"

"Mimi."

"Siyo wewe," alisema Bibi Riria. Bado alikuwa amekaa juu ya kreti yake. "Wewe huogopi kitu. Apewe anayeogopa."

Wote wakamgeukia Huhana. Alitaka kukataa. Lakini juu ya boriti, nyuma ya moshi, aliona mkia ukipita polepole.

Kesho yake walikwenda dukani, Isla na yeye. Muuzaji alileta bunduki nne. Isla hakuuliza ipi ina nguvu.

"Ikoki hii," alimwambia Huhana. "Tena. Tena. Mpaka mara ishirini."

Mbili zilimshinda kabla ya mara kumi. Ya tatu ilikuwa fupi, ya wastani, na kitako chake kilimkaa begani bila kumlazimisha kunyoosha shingo. Mara ya ishirini mkono wake ulikuwa bado na nguvu.

"Hiyo ndiyo yako," Isla alisema. "Sasa risasi. Usichukue zile za duara za chuma, zinaruka ukutani kama mpira. Chukua hizi laini, za madini ya risasi, makopo matatu ya aina tofauti. Kila bunduki ina chakula chake. Tutaona yako inapenda ipi. Na miwani ya kukinga macho, bila hiyo turudi nyumbani."

Siku sita Huhana alijifunza uani kwa Isla. Siku ya kwanza alitetemeka mpaka meno.

"Vizuri," Isla alisema. "Tetemeka, lakini kidole kikae nje ya kifyatulio. Ukiukunja mtutu, ushikilie wakati unaweka risasi. Ukiuachia ukarudi wenyewe, vidole vinabaki humo."

"Dada, unanitisha."

"Nakutisha makusudi. Endelea."

Huhana aliibana bunduki kwa nguvu zote, na risasi zilitawanyika ovyo. Isla alikuja akamlegeza vidole kimoja kimoja.

"Unaikaba. Ya springi haitaki kukabwa. Iache ilale tu kwenye kiganja cha mkono wa mbele. Ishike kama unavyomshika kifaranga cha titi unapomtoa shimoni."

Hilo Huhana alilijua tangu utotoni. Alilegeza. Risasi tano zikaingia karibu karibu. Aina mbili za risasi hazikuipendeza bunduki ile. Ya tatu iliipenda.

"Ukipiga kifuniko cha chupa mara tano mfululizo kwa hatua nane, hapo utaruhusiwa kupiga mnyama," Isla alisema. "Kabla ya hapo utamjeruhi tu, na aliyejeruhiwa atakwenda kujificha kwenye magunia yako."

Siku moja Teone alipita, akaichukua, akataka kuifyatua bila risasi, ajaribu tu. Huhana mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya.

"Hapana. Ikipigwa tupu, pistoni inajigonga mbele na kuharibika. Na haiachwi imekokiwa masaa, springi inachoka."

"Heh, mwalimu," Teone alisema, akainua mikono.

Kila jioni Huhana aliifuta nje kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya bunduki, maana hewa ya Bluff ni ya chumvi na chuma hakipumui pale bila kutu. Alikaza skrubu, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Kisha bunduki kabatini, na kufuli. Risasi kwenye droo ya mbali, na ufunguo shingoni mwake. Alilala vizuri zaidi kwa kuuhisi ule ufunguo.

Siku ya sita Huhana alipiga kifuniko mara tano mfululizo. Bandani walipanga mifuko ya mchanga mbele ya ukuta wa zege, na mbele yake ubao wa siagi ya karanga. Kesho yake kulipopambazuka, mbwa alifungwa kwa Isla. Teone na Bibi walikaa jikoni, wakaambiwa wasitoke mpaka waitwe. Huhana alikaa juu ya kreti, hatua nane kutoka ubao. Alivaa miwani. Moyo ulimwenda mbio mpaka aliuona kwenye ncha ya bunduki.

Panya mwenye sikio lililochanika alishuka kutoka kwenye boriti. Hakwenda kwenye siagi. Alisimama juu ya gunia la chumvi, wazi kabisa, akanawa uso. Nyuma yake palikuwa na zege tupu.

Ilikuwa shabaha rahisi. Huhana alikumbuka rangi ya buluu na shavu la mama yake. Hakupiga. Panya akaondoka zake. Huhana alisubiri kidogo, kisha akaipiga risasi yake kwenye mchanga ili bunduki isibaki imekokiwa, akatoka nje akalia.

"Umemkosa?" Teone aliuliza.

"Sikupiga."

"Siku zimebaki kumi."

"Najua kuhesabu, Teone."

Isla, aliyekuwa amesimama uani na mbwa, alimletea Huhana chai. Ilikuwa tamu mno.

Asubuhi iliyofuata panya alikuja tena, na safari hii njaa ilimshinda. Alipanda ubaoni, akainamisha kichwa kwenye siagi. Nyuma yake ulikuwa mchanga. Huhana alilegeza vidole. Bunduki ilitoa mlio mdogo, mkavu. Panya alilala pale pale, hakutupa hata mguu.

Bibi Riria aliitwa. Alikuja na fimbo yake, akamgeuza panya, akalitazama sikio.

"Ndiye," alisema.

Walinyunyiza unga sakafuni, asubuhi saba mfululizo, wakatafuta nyayo. Hapakuwa na nyayo. Kila kitu kilikung'utwa, kikakaguliwa, kikafungwa upya kwenye mapipa yenye vifuniko vya kukaza. Bunduki ilibaki Bluff, kabatini.

Lakini hofu ya Huhana haikubaki. Ilipanda naye chomboni, ikashuka naye. Kisiwani walifungua mapipa ndani ya chumba kilichofungwa mlango, moja baada ya jingine, na kila kifuniko kilipoinuka alishika pumzi. Pipa la mwisho lilikuwa la blanketi. Aliingiza mkono mpaka chini kabisa. Hapakuwa na kitu.

Siku ya kwanza ya kuvuna, Bibi Riria alipiga magoti kwa shida mbele ya shimo la kwanza.

"Mkono wangu haufiki tena," alisema. "Ingiza wewe."

Huhana alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. Udongo ulikuwa baridi. Kisha vidole vyake viligusa manyoya, laini, ya moto, na moyo mdogo ukidunda chini yake. Akamtoa bila kumbana, akamweka mapajani mwa mama yake.

Bibi Riria alimshika kifaranga kwa muda mrefu.

"Bado wapo," alisema. "Huyu wa kwanza abaki." Akamweka mdomoni mwa shimo, naye akaingia.