Dirisha la Dorothea

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno. Kioo cha dirisha kilikuwa na ukungu upande wa ndani, na katikati ya ukungu palikuwa na alama ya kiganja. Adela alidhani ni chake. Alikuwa ametoka kuhudumia wazee usiku kucha kwenye makao yao huko Adelphi, yu hoi, akakipangusa kioo kwa kanga na kulala. Alipoamka mchana alama ilikuwapo tena, na vidole vilikuwa virefu kuliko vyake.

Chumba chake cha ughaibuni kilikuwa chini ya nyumba ya Bilha, mtaani Wheaton, nusu yake ikiwa imezama ardhini. Dirisha lilikuwa moja tu, juu karibu na dari, jembamba, labda paka angepita. Bilha alikuwa nesi, Mluhya wa Kakamega, mpole, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyempokea Adela kiangazi kile cha mwaka 2006, wenyeji wake wa kwanza walipomtoa na vitu vyake vikiwa kwenye mifuko ya plastiki. Hakumwuliza kitu. Alimpikia ugali na mboga, akamwambia, "Wewe kaa tu hapo chini. Nyumba ni kubwa, na mimi sina mtu."

Baada ya alama ikaja harufu, ya godoro lililoungua kisha likamwagiwa maji. Ilikuja mchana, mtaa mzima ukiwa kazini, jua la Oktoba likipiga nyasi huko nje, na Adela amefunga pazia apate usingizi. Kisha zikaja kucha, zikikwaruza fremu ya dirisha polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

Adela alikulia Muheza na alijua majini hufukuzwa vipi. Alikwenda duka la Waethiopia akanunua ubani na makaa, akafukiza pembe zote za chumba huku akisali Baba Yetu. Moshi ulipofika dirishani, mtu alikohoa.

Akasimama na chetezo mkononi, na kikohozi kikaendelea, kikavu, cha mtu mwembamba, kikipanda kutoka sakafuni kuelekea juu kana kwamba mwenye nacho anaparamia ukuta, na ukungu ukatanda kwenye kioo, na viganja viwili vikajikandamiza pale, na karibu kabisa na sikio lake, karibu hata akahisi joto la pumzi, sauti ya msichana ikanong'ona, "Dada, zima. Nakuomba, zima. Moshi."

Akamwagia chetezo maji. Kikohozi kikapoa kidogo kidogo, kikageuka kwikwi. Alipothubutu kuinua macho aliona kwamba upande wa nje, kwenye nyasi, Bilha amepiga magoti na nguo zake za hospitali, viganja vyake vimekutana na vile viganja, kioo kikiwa katikati.

Walikaa jikoni. Chai ilipoa bila mtu kuigusa.

"Anaitwa Dorothea," Bilha alisema. "Mdogo wangu. Alikuwa akilala hapo chini. Hita ndiyo ilishika moto, ngazi zikaziba. Alipanda juu ya meza akanipa mikono kwa dirisha, nikamvuta. Mabega yakakataa kupita. Nilimvuta mpaka mikono yake ikalegea ndani ya yangu."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ungekaa?" Bilha alifuta meza iliyokuwa kavu. "Chumba kikiwa tupu analia, Adela. Mtu akilala pale ananyamaza kidogo. Hakuzoea kuwa peke yake. Nyumbani tulilala kitanda kimoja."

"Na dirisha? Si lingepanuliwa?"

"Nikilipanua ataenda."

Siku zilizofuata Adela aliwageuza wazee vitandani mwao akiwaza mabega yaliyokataa kupita. Aliwaza pia mabega yake mwenyewe, kwani ngazi zikiziba hata yeye hakuwa na njia nyingine ya kutokea. Bilha alikuwa amemsitiri. Kumshtaki kulimwuma kama kumtukana mama. Hata hivyo alipiga simu kaunti, ofisi inayokagua nyumba za watu.

Mkaguzi wa nyumba aliyekuja aliitwa Kimutai, na alipowasikia akaingia Kiswahili mara moja. Akapima dirisha kwa utepe wa chuma, upana na urefu, akatikisa kichwa.

"Hapa nani analala?"

Bilha alimtazama Adela. Macho yake yaliomba.

"Ni mimi," Adela alisema.

"Mama, sheria iko wazi," Kimutai alimwambia Bilha, bila ukali. "Chumba cha kulala cha chini lazima kiwe na dirisha mtu mzima anaweza kutokea. Hii hata mtoto atakwama. Ulipanue, ama ufunge chumba asilale mtu." Alipokuwa akikunja utepe alisita, akanusa. "Kuna kitu kinaungua?"

"Hakuna," Bilha alijibu.

Kimutai alipanda ngazi haraka kuliko alivyozishuka.

"Mimi ndiye niliyewaita," Adela alisema mlango ulipofungwa.

"Najua."

Adela akahamia kochi la sebuleni, na chumba kikafungwa. Kilio kilianza jua likiwa bado juu, chembamba, kikipenya mbao za sakafu, na ndani yake neno moja tu, nitoe, nitoe, likirudiwa kama mtoto anavyorudia jina la mama hospitalini. Bilha alikaa kwenye ngazi, paji la uso likiegemea mlango, akimbembeleza kwa Kiluhya. Hakwenda kazini. Hakula. Mwishowe aliinua uso uliovimba akasema, "Ita mafundi. Nilidhani namshika. Kumbe namzuia."

Mafundi walichimba nje, wakakata ukuta kwa msumeno, wakatoa fremu ya zamani. Walipokwenda kula, Bilha alishuka kwenye shimo akapiga magoti, akanyoosha mikono ndani ya uwazi. Adela alikuwa chumbani. Harufu ikaja nzito, kisha kitu cha moto kikapita ubavuni pake, kikipumua kwa haraka, meza iliyokuwa chini ya dirisha ikalia kwa uzito, na akaona mikono ya Bilha ikikaza, mishipa ikimtoka, ikivuta, ikivuta. Bilha akaanguka chali. Vumbi la matofali likatulia. Hewa baridi ikaingia chumbani, ikinukia majani tu.

Adela alitoka mbio akamkuta amekaa udongoni, mikono ameiacha mapajani kama hajui aiweke wapi.

"Ameenda?"

"Ameenda." Bilha alitazama barabara, magari yakipita. "Nilifikiri atanishika kidogo. Hakugeuka hata."

Adela alirudi kulala chumba kile, na nyumba ikawa kimya kama nyumba nyingine zote za mtaa ule. Mchana mmoja alisikia ngazi zikilia, akashtuka. Alikuwa Bilha, na blanketi begani.

"Umelala?"

"Bado, dada."

"Basi wacha nikae hapa kidogo," Bilha alisema, akajilaza sakafuni chini ya dirisha jipya, uso ukiwa ukutani.