Kikombe cha Chumba cha Mwisho

Haya yalimpata Philomène, tuliyemaliza naye droit, masomo ya sheria, tukaozea naye nyumbani bila kazi. Siku hiyo alikuwa kwenye essai, siku ya kujaribiwa kazi, katika nyumba ya wazungu wa zamani kule Shituru, ambayo sasa ni café na duka la vyombo vya shaba. Licence nzima ya chuo, kumbe ni ya kubeba plateau, sinia la vikombe! Lakini wadogo zake walikuwa hawajala tangu jana.

"Sonnette ya wateja ikilia, unakimbia," patronne mwenye café, mama Angèle, alimwambia. "Miye sitaki serveuse wa kulala."

Mchana courant ikakatika, taa zikazimika, korido ikawa giza totoro. Sonnette ikalia kutoka chumba cha mwisho. Philo akabeba kahawa, akasukuma mlango. Akasikia kiti kikilia, mtu akivuta pumzi. Akapapasa meza, akaweka kikombe.

"Voilà, monsieur."

Aliporudi, mama Angèle aliuliza, "Weye, ile kawa umepeleka wapi?" Akachukua tochi bila kungoja jibu, wakaenda wote hadi chumba cha mwisho.

Hakukuwa na meza wala kiti. Magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yalijaa mpaka mlangoni, na juu ya gunia la mbele kikombe kilikuwa kitupu, bado cha moto.

"Kazi umeipata, mutoto yangu," mama Angèle akasema taratibu. "Wale wengine waliokuja kwa essai, vikombe vyao vilirudi vimejaa."

Ukutani waya wa sonnette ulining'inia, umekatwa. Sonnette ikalia tena, na Philo akachukua plateau.