Mchanga wa Bakuli la Mama

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Okbun alikoroga uji wa shayiri jikoni. Nyuma ya nyumba, mumewe Chunsik aliosha mchanga.

"Baba Sunim, mchanga gani huo unaogeshwa kama mtoto?" Okbun aliuliza.

"Bakuli hili ni la kumwekea marehemu mama wali. Siwezi kulisubu kwa kumimina shaba kwenye kalibu ya mchanga mweusi, mchafu."

Bakuli la shaba la mama lilichukuliwa wakati wa vita, likayeyushwa liwe risasi. Tangu hapo mama alikula kwenye kibuyu, hadi kufa. Sasa mwaka mmoja tangu afe ulikaribia kutimia. Chunsik aliapa kwamba siku hiyo mama ataandaliwa wali wa ibada kwenye bakuli la shaba.

Mchanga uliooshwa ukakataa kushikana. Chunsik akaongeza maji, akashindilia kalibu, akamimina shaba ya moto. Kalibu ikalipuka. Shaba ikamrukia usoni.

Jicho la kushoto halikupona. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yao, Mama Dolsu, alikuja kumjulia hali. Alikuwa mjane aliyesubu shaba na mumewe miaka mingi. Alimtazama, akaguna.

"Nani alikutuma uoshe mchanga?"

"Ni heshima kwa mama."

"Heshima ya wapi hiyo? Umemwaga tope, na tope ndilo gundi! Ukaongeza maji. Maji yakikutana na shaba ya moto yanakuwa mvuke. Mvuke ukikosa njia, unapasua kalibu. Ulitaka kumlisha mama, au kumfuata?"



Mama Dolsu alileta mchanga wake mweusi, wenye tope la pwani. Akauchekecha, akaunyunyizia maji kidogo, akaufunika hadi kesho yake. Kisha akampa Okbun konzi moja.

"Finya. Umeshika alama za vidole? Vizuri. Uvunje. Umekatika bila kumomonyoka? Huo ndio. Kiganja kikilowa, uanike kwanza. Na kalibu ifukize moshi wa msonobari mpaka ikauke."

Safari hii shaba ilipomiminwa, kalibu ilitulia. Bakuli lilitoka bila tundu wala ufa.

Siku ya ibada, Chunsik alijaza wali kwenye bakuli, akachomeka kijiko katikati ili marehemu ale.

"Mama angechagua jicho lako kuliko bakuli hili," Okbun alisema taratibu.

"Najua."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hakuinuka upesi.